Hodhi la Kioo na Kadiri ya Mwangaza



Wasomaji wetu wapendwa, juma lililopita tulizungumza juu ya maji ya visima vyetu vya Galu na chokaa iliyomo. Baada ya darsa, akina mama watatu walitufuata na suala moja: kwa nini hodhi la samaki, lililoletwa nyumbani liwe pambo la sebule, hugeuka kijani kama dimbwi, na mimea iliyonunuliwa kwa fedha nzuri huoza ndani ya mwezi mmoja? Mmoja alisema mumewe amekwisha kuamua kuliuza. Tulicheka nao, lakini kwa haya, kwa maana hodhi lililo nyumbani kwetu lilikuwa limepitia msiba huohuo, nasi hatukuwa tumemsimulia mtu. Leo tunasimulia.

Hodhi lenyewe hatukulinunua. Ni la marehemu ndugu yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alikuwa mzamiaji. Kwa miaka mingi alishuka katika mwamba wa Galu na wavu mdogo, akishika samaki wa mapambo ambao husafirishwa nje, wakaishie katika mahodhi ya watu wa Ulaya na Marekani. Wengi wa mtaa wetu waijua kazi hiyo. Mwenyewe alizoea kusema kwamba amepeleka samaki katika nyumba mia asizozijua, na nyumba yake haina hata mmoja. Ndipo akanunua kioo, akatengeneza hodhi la lita 80 kwa ajili ya mwanawe. Hakuwahi kulijaza maji.

Mtoto alihamia kwetu akiwa na umri wa miaka 12, na kioo akaja nacho. Alisema kidogo sana siku zile. Tulipomwona analisafisha hodhi na kuuliza mahali pa kuliweka, tulifurahi mno, tukamwachia kila kitu. Hilo lilikuwa kosa letu la kwanza. Mtoto aliyefiwa haachiwi peke yake kazi asiyoifahamu, hata kama nia yetu ni njema.

MAPENZI YALIYOPITA KIASI

Aliliweka dirishani, upande wa mashariki, ili samaki waione bahari. Jua la asubuhi likawa linaingia moja kwa moja tangu linapochomoza hadi karibu na saa nne. Jioni aliwasha taa juu yake, asiizime hadi alale. Ukihesabu, mimea ile ilipata mwangaza wa saa 15 au 16 kwa siku. Samaki sita aliwalisha mara tatu, kila walaji wa nyumba walipokula. Na alipoona majani yanaanza kuwa ya manjano, akadhani yana njaa. Akachukua chembe za mbolea ya shambani iliyokuwa stoo, akazitia majini.

Asubuhi ya pili, baada ya swala ya Alfajiri, tulimkuta amesimama mbele ya hodhi gizani. Samaki wanne walikuwa wameelea. Wawili walikuwa juu, wakipanua vinywa kutafuta pumzi. Juma lililofuata maji yaligeuka kijani, mfano wa maji ya kisamvu, na ukoga wenye utelezi ukafunika vioo na majani. Tulipotaka kumfariji, alisema maneno tusiyoyasahau: "Shangazi, mimi nikipenda kitu hufa."

Wasomaji wetu, hapo ndipo tulipotambua kwamba hili si jambo la pambo la sebule. Mtoto yule alikuwa anausoma msiba wake mkubwa ndani ya kioo. Ilitubidi tujue hasa ni nini kilichotokea, ili tumweleze kwa ukweli. Maneno matupu ya kumbembeleza yasingemfaa.

CHUNGU, MOTO NA VIUNGO

Mmea hujitengenezea chakula chake wenyewe kwa nguvu ya mwangaza. Huchukua maji na hewa ukaa, ukaunda sukari, ukatoa oksijeni. Wanafunzi wetu hulijua jambo hili kwa jina la usanisinuru. Lakini sukari peke yake haijengi jani. Panahitajika naitrojeni na fosforasi, potasiamu, chuma na madini mengine kwa kiasi kidogo. Hayo yote kwa pamoja tutayaita rutuba.

Bibi yake mtoto, ambaye hajasoma kemia, aliyaeleza haya kuliko sisi. Alimwambia: "Mjukuu wangu, mwangaza ni moto, na rutuba ni vilivyomo chunguni. Wali hauivi upesi kwa kuongeza moto tu. Ukizidisha moto na maji ni machache, utaunguza. Ukijaza maji na moto hakuna, utapata uji." Ndivyo ilivyo. Mwangaza ndio unaoamua mmea uende kwa kasi gani. Kadiri unavyouzidisha, ndivyo mmea unavyodai hewa ukaa na rutuba zaidi. Usipoipata, hukwama. Nao ukoga, ambao mahitaji yake ni haba na hukua upesi, hauna subira ya kungoja; huuchukua mwangaza uliobaki bila mwenyewe.

Mwanakemia wa Ujerumani aitwaye Justus von Liebig aliieneza katika karne ya 19 kanuni moja ambayo wakulima wa dunia nzima waitumia hata leo: mmea hukua kwa kadiri ya kile kilicho haba zaidi, wala si kwa kadiri ya kile kilicho tele. Wafuasi wake huifananisha na pipa lililoundwa kwa mbao zenye urefu mbalimbali. Maji hayawezi kupita ubao mfupi kuliko zote. Ukirefusha ubao mwingine, hujaongeza hata tone. Kijana wetu alipoona majani ya manjano, alirefusha ubao wa naitrojeni, nao haukuwa mfupi hata kidogo, kwa sababu kinyesi cha samaki waliolishwa mara tatu kilikuwa kimekwisha kuijaza.

Nayo mbolea ya shambani ikafanya baya zaidi. Nyingi katika mbolea hizo zina amonia, au hugeuka kuwa amonia ndani ya maji. Shambani udongo huipokea, lakini hodhini samaki huivuta kwa mashavu yake. Tena maji yetu yana chokaa na joto, na katika maji ya namna hiyo sehemu kubwa zaidi ya amonia huwa katika ile hali yake yenye sumu. Tunawasihi kina mama: mbolea ya shambani isitiwe kamwe katika hodhi lenye samaki, hata chembe moja.

Na wale wawili waliokuwa wakihema Alfajiri? Mbali na sumu ile, usiku mmea hautoi oksijeni, bali huitumia kama sisi. Hodhi lililojaa ukoga huamka likiwa limeishiwa pumzi, na maji ya vuguvugu hubeba oksijeni kidogo kuliko ya baridi. Ndiyo maana ukitaka kujua hali ya hodhi lako, litazame mapema asubuhi.

JAMBO LA KALE

Tusidhani kwamba sisi ndio wa kwanza kushindwa. Mnamo mwaka 1849 mwanakemia mmoja wa London, Robert Warington, aliwatia samaki wawili wa rangi ya dhahabu katika chombo cha kioo, pamoja na mmea uitwao Vallisneria, wenye majani marefu kama utepe. Alitaka kuonyesha kwamba mmea na samaki waweza kusaidiana: samaki atoe hewa ukaa, mmea umrudishie oksijeni. Mambo yakaenda vizuri, kisha majani makongwe yakaanza kuoza, maji yakachafuka, na utelezi wa kijani ukapanda vioo. Hakuvunja chombo. Aliongeza konokono wachache wa majini, wakala majani yaliyooza na ule utelezi, na mizani ikarejea. Aliyachapisha hayo mwaka 1850. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1853, bustani ya wanyama ya London ikafungua nyumba ya kwanza ya samaki kwa ajili ya watazamaji.

Na pwani yetu ilikuwa na elimu yake kabla ya hapo. Wazee wa Lamu walifuga visamaki katika mabirika ya maji ili wale viluwiluwi vya mbu. Hawakuwa na taa wala mbolea. Birika lilikaa kivulini, samaki walikuwa wachache, na maji yalitumika na kujazwa upya kila siku. Kivuli, uchache na maji mapya. Ukiyatafakari mambo hayo matatu, nusu ya somo letu la leo imo humo.

TULIVYOLITENGENEZA

Tulianza kwa kuondoa. Tuliwahamisha samaki wawili katika ndoo pana, tukasugua vioo, tukang'oa majani yote yaliyooza, tukabadili nusu ya maji. Kisha tulilifunika hodhi kwa shuka nzito kwa siku tatu kamili, bila taa na bila kuchungulia. Mmea wenye mizizi na akiba huvumilia giza la siku tatu. Ukoga mwepesi hauna akiba hiyo, nao hudhoofika. Siku ya nne maji yalikuwa yamefifia rangi, tukayabadili tena. Lakini giza ni tiba ya dharura tu. Asiyeondoa sababu ataufunika tena mwezi ujao.

Sababu ya kwanza ilikuwa mahali. Tuliliondoa dirishani, tukaliweka ukutani pasipofikiwa na jua la moja kwa moja. Jua la pwani hii halina mzaha. Huchemsha maji ya hodhi dogo na kuyapa mwangaza ambao hakuna mmea wa nyumbani unaouhimili bila rutuba nyingi mno.

Sababu ya pili ilikuwa muda. Hodhi jipya, au lililotoka katika ugonjwa, latosha kupewa mwangaza wa saa 6 kwa siku; likikomaa, saa 7 au 8. Hapa nyumba ya Kiislamu ina saa yake tayari. Sisi tuko karibu na ikweta, na mchana wetu hautofautiani kwa zaidi ya nusu saa hivi mwaka mzima. Kwa hiyo tangu adhana ya Adhuhuri hadi ya Magharibi ni takriban saa 6, iwe Kaskazi au Kusi. Tulimwambia kijana: washa taa ukisikia Adhuhuri, zima ukisikia Magharibi, siku za shule bibi atakuwashia. Hajakosa hata siku moja, wala hatukuhitaji kifaa cha kuzima na kuwasha. Taa yetu ni ya LED, nyeupe, ya wati 10. Kwa saa 6 kila siku, hutumia chini ya yuniti 2 za umeme kwa mwezi mzima. Mama ambaye mumewe analalamikia tokeni na amwonyeshe hesabu hiyo.

Sababu ya tatu ilikuwa chakula. Samaki sasa hulishwa mara moja kwa siku, kiasi cha kumalizwa kwa dakika mbili. Kila chembe inayobaki chini huoza, ikawa amonia. Bakteria wema waishio mchangani huigeuza hatua kwa hatua hadi kuwa naitreti, ambayo ni chakula cha mmea. Bakteria hao huchukua majuma kadhaa kuzaana katika hodhi jipya, ndiyo maana samaki wote hawatiwi siku moja. Haraka haraka haina baraka, na hapa kauli hiyo ni kemia.

Kila Alhamisi alasiri tunabadili robo ya maji. Maji ya mfereji huyaacha wazi katika ndoo siku nzima ili klorini iondoke. Ya mvua tukiyapata huyachanganya na ya kisima ili kupunguza ugumu. Maji tunayotoa hatuyamwagi msalani. Yana rutuba ile ile, nasi huyatia katika vyungu vya asumini na mrehani. Bibi anasema asumini yake haijawahi kuchanua hivi.

KUSOMA JANI

Mmea hausemi, lakini huandika hali yake juu ya majani. Tulimfundisha kijana kusoma namna hii.

Majani makongwe ya chini yakigeuka manjano ilhali machanga ni ya kijani, mara nyingi ni naitrojeni iliyopungua; mmea huihamisha kutoka jani kuukuu na kulipa jipya, kama mzazi anavyojinyima. Katika hodhi lenye samaki wanaolishwa vyema, jambo hili si la kawaida.

Majani makongwe yakitoboka vitundu vidogo na kingo zake kukauka, shuku potasiamu. Chakula cha samaki hakina ya kutosha, na huu ndio ubao mfupi katika mahodhi mengi.

Majani machanga yakizaliwa na rangi hafifu, ya manjano au meupe, ilhali mishipa yake imebaki kijani, shuku chuma. Hii ndiyo ilikuwa hali yetu. Maji ya visima vya Galu hupita katika mwamba wa matumbawe, hubeba chokaa nyingi, na katika maji ya namna hiyo chuma huganda na kutua chini, mmea ukashindwa kukinywa. Kipo, lakini hakifikiki. Dawa yake ni mbolea maalumu ya mimea ya majini, ambayo chuma chake kimefungwa kisigande, au tembe za mbolea zinazozikwa penye mizizi. Anza na nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, ungoje juma mbili. Jani lililokwisha kuharibika halirudi. Tazama jipya linalozaliwa.

Na kwa kuwa maji yetu ni magumu, chagua mimea iyapendayo. Vallisneria yule yule wa Warington anafaa sana, kwa sababu akikosa hewa ukaa aweza kutumia kaboni iliyofungwa katika chokaa ya maji. Anubias, ambaye asili yake ni Afrika Magharibi, hukua polepole, huridhika na mwangaza hafifu, naye hufungwa juu ya jiwe au gogo, mizizi yake minene isizikwe. Yungiyungi wa madimbwi yetu ni mzuri wa macho, lakini hudai jua na nafasi, wetu hakupona.

Mchanga nao ni jambo. Mchanga mweupe wa ufuoni una chumvi na chokaa ya matumbawe, usiutie. Tafuta mchanga wa mtoni, uoshe hadi maji yatoke safi.

HODHI KUBWA LILILO MLANGONI PETU

Siku moja ya bamvua, maji yalipokupwa hadi karibu na mwamba, kijana alituomba twende naye baharini. Ilikuwa mara yake ya kwanza tangu kufiwa. Tulitembea katika vidimbwi vilivyobaki. Karibu na ufuo, mahali ambapo maji matamu huchuruzika kutoka katika nyufa za jabali, tuliona utelezi wa kijani umetanda juu ya mawe. Mbele zaidi, nyasi za bahari zilikuwa safi, zikilala upande mmoja na mkondo. Akasimama baina ya pande mbili, akasema: "Shangazi, hapa pamelishwa sana."

Alikuwa sahihi. Nyasi za bahari si mwani. Ni mimea kamili yenye mizizi, maua na mbegu, na katika pwani ya Kenya zimeorodheshwa aina 12. Ndizo malisho na malezi ya samaki wetu. Zina hitaji kubwa la mwangaza: kwa wastani huhitaji kama sehemu moja kwa kumi ya mwangaza ulioko juu ya maji, ilhali mwani mdogo unaoelea huridhika na sehemu moja kwa mia. Rutuba ikizidi majini, mwani mdogo na ukoga hunawiri, hutanda juu ya majani ya nyasi, na kuzinyima mwangaza. Nyasi hufa kwa giza katikati ya mchana. Jabali letu lina matundu mengi. Kinachoingia katika vyoo vya shimo, vya nyumba zetu na vya nyumba za wageni, hakikai kikisubiri, bali husafiri na maji ya chini kuelekea baharini. Nyumba ambayo shimo lake limejengwa vyema na kunyonywa kwa wakati hulinda kitoweo chake yenyewe.

Akina mama wenzetu wa Kibuyuni, Mkwiro na Gazi wanaolima mwani kwenye kamba wanaijua mizani hii kwa mikono yao. Mwani wao hauna mizizi ya kunywea udongoni. Hula kile kinachopitishwa na mkondo. Maji yakitulia na kupata joto kali, matawi huwa meupe, hulainika na kukatika. Mwangaza upo tele, lakini kisichopatikana ni maji mapya yenye rutuba na ubaridi. Mavuno huchukua kama majuma sita, na mama aliyefunga kamba zake mahali pasipo mkondo hupoteza majuma hayo yote.

Na tuchukue tahadhari moja. Mimea ya hodhi ikizidi, isitupwe katika bwawa, mto wala mtaro. Gugumaji lililofunika ghuba za Ziwa Victoria tangu miaka ya 1990 lilitoka Amerika Kusini, na watu walilisambaza duniani kwa sababu ya uzuri wa ua lake. Lilipokuta ziwa lililojaa rutuba kutoka mashambani na mijini, likawafungia wavuvi njia. Ziada ya hodhi ikaushwe juani, kisha izikwe chini ya mti.

TULICHOMWAMBIA

Imepita miezi minane. Hodhi letu si la kupigwa picha. Lina Vallisneria waliojaza upande mmoja, Anubias mmoja aliyefungwa juu ya gogo, konokono, na samaki wale wale wawili. Wengine tutaongeza polepole. Vioo hupata ukoga kidogo, naye kijana huusugua Alhamisi. Ukoga kidogo si ugonjwa.

Tulimweleza yaliyotokea, jambo moja baada ya jingine, kama tulivyowaeleza ninyi leo. Tulimwambia kwamba samaki hawakufa kwa sababu aliwapenda. Walikufa kwa mbolea isiyofaa na kwa mwangaza na chakula kilichopita kiasi, na haya ni mambo yenye sababu, na mwenye kujua sababu aweza kutenda vinginevyo kesho. Sisi nasi tulikiri mbele yake kwamba tulimwachia mzigo peke yake. Alinyamaza kwa muda, kisha akauliza: "Na baba?" Tulimjibu kwamba huo ni muda aliopangiwa na Mola wake, wala hapana mkono wa mtoto ndani yake. Hatujui kama jibu lilimtosha. Twajua kwamba usiku ule alikula.

Kina mama, katika malezi pia tunaona makosa haya. Kuna mtoto tunayemmulika mchana kutwa kwa masomo, mitihani na masimango, na hatumpi cha kumjenga. Kuna mwingine tunayemjaza kila anachotaka, na hapati mwangaza wa mafunzo. Kabla ya kuongeza kitu, tujiulize ni kipi kilicho haba. Huenda si fedha wala vitabu. Huenda ni mtu wa kukaa naye mbele ya kioo jioni moja.

Kwa yule ambaye mumewe ataka kuuza hodhi, ombi letu ni mwezi mmoja. Liondoeni dirishani. Washeni taa Adhuhuri hadi Magharibi. Lisheni mara moja. Badilini robo ya maji kila Alhamisi. Msitie mbolea yoyote hadi jani jipya liwaeleze lakosa nini. Mwezi ukiisha na maji yangali ya kijani, tuleteeni habari, tuje tutazame pamoja. Kijana wetu amesema yuko tayari kufuatana nasi, naye atakuja na chipukizi la Vallisneria, bila malipo.